Alama Sitini za Uzamili: Namna Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Uganda Anavyofaulu, Anavyorudia na Anavyoondolewa

Mwanafunzi mmoja wa uzamili, kijana aliyetoka Bukavu na kupanga chumba Kikoni, nyuma ya Makerere, alinijia mwishoni mwa muhula wake wa kwanza akiwa na karatasi ya matokeo iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amesoma kozi tano, kila moja ya krediti tatu, na alama zake zilikuwa 82, 76, 71, 64 na 58. Chini ya safu hiyo palikuwa na wastani wa pointi wa 3.80. "Mwalimu," aliniuliza, "hapa nimefaulu au nimeanguka?" Alikwisha kuuliza wenzake watatu na kupewa majibu matatu, na sikushangaa, kwa sababu swali lake linagusa jambo ambalo wanafunzi wengi wa uzamili nchini Uganda hulifahamu likiwa limekwisha kuwafika.

Jibu ni kwamba wastani wake ni mzuri, na hata hivyo kozi moja ameanguka. Mambo haya mawili hupimwa kwa vipimo tofauti, na hakuna kinachoweza kulipia kingine.

Tuanze na jedwali lenyewe. Katika kanuni za Makerere, ambazo vyuo vingi nchini vimezifuata kwa karibu, alama kuanzia 80 ni daraja la A na hupewa pointi 5.0, na zile za kuanzia 90 huandikwa A yenye alama ya kujumlisha ingawa pointi hubaki 5.0. Alama 75 hadi 79 hupata pointi 4.5, 70 hadi 74 hupata 4.0, 65 hadi 69 hupata 3.5, na 60 hadi 64 hupata 3.0. Chini ya hapo jedwali halikomi. Alama 55 hadi 59 ni daraja la D yenye kujumlisha, pointi 2.5, na 50 hadi 54 ni D, pointi 2.0. Ndipo utata unapoanza, kwa maana jedwali ni lile lile kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza na kwa yule wa uzamili, lakini mstari wa kufaulu umechorwa mahali tofauti: kwa shahada ya kwanza uko kwenye 50, na kwa uzamili uko kwenye 60. Kijana wetu mwenye 58, kama angekuwa anasomea shahada ya kwanza, angeivuka kozi hiyo na kuisahau. Kwa kuwa ni mwanafunzi wa uzamili, daraja la D yenye kujumlisha analoliona kwenye karatasi lina herufi ya mtu aliyefaulu na maana ya mtu aliyeanguka.

Wapo wanaoona kwamba huu ni ukali usio na sababu. Mimi naona una sababu. Shahada ya uzamili nchini Uganda haigawanywi katika madaraja. Hakuna uzamili wa daraja la kwanza wala wa daraja la pili la juu, kama ilivyo kwa shahada ya kwanza, ambapo wastani wa 4.40 na kuendelea humpa mhitimu daraja la kwanza na ule wa 3.60 hadi 4.39 daraja la pili la juu. Mwenye uzamili anao au hana. Cheti kisipokuwa na madaraja ya kumwambia mwajiri ni nani aliyepita kwa shida na ni nani aliyepita kwa urahisi, kizingiti chenyewe ndicho kinachobeba kazi hiyo, na ndiyo maana kimeinuliwa.

Sasa tuangalie wastani unavyopatikana, maana wengi huupokea kama kitu kilichoshuka kutoka kwenye kompyuta ya chuo. Pointi za kila kozi huzidishwa kwa krediti za kozi hiyo, mazao yote hujumlishwa, kisha jumla hugawanywa kwa krediti zote. Pointi za kijana wetu ni 5.0, 4.5, 4.0, 3.0 na 2.5, ambazo kwa pamoja ni 19. Zikizidishwa kwa krediti tatu zinakuwa 57, na 57 ikigawanywa kwa 15 inatoa 3.80. Hesabu hii inaonyesha jambo ambalo halionekani kwa macho: uzito wa kila kozi umo katika krediti zake. Lau kozi ile ya 58 ingekuwa na krediti tano, zile mbili za juu zikabaki na tatu tatu, na mbili zilizosalia zikawa na mbili mbili, alama zile zile zingempa wastani wa 3.67. Krediti nazo hazitolewi kiholela. Krediti moja ni saa 15 za kufundishwa katika muhula, yaani saa moja kwa wiki kwa wiki 15 za masomo, na saa mbili za mazoezi ya maabara au za semina huhesabiwa kuwa saa moja ya mhadhara. Kwa hiyo kozi yenye krediti nyingi hukuchukulia saa nyingi na kuuvuta wastani wako kwa nguvu zaidi, upande wa juu au wa chini.

Jambo jingine la kuangaliwa kwa makini ni kwamba jedwali ni ngazi, si mteremko. Aliyepata 60 na aliyepata 64 wana pointi sawa, 3.0, aliyepata 65 anaruka hadi 3.5. Kati ya 79 na 80 kuna alama moja tu na nusu pointi nzima. Nimewaona watu wakipigania alama moja kati ya 62 na 63, ambayo haibadilishi chochote, huku wakiacha kukagua kozi waliyopata 59, ambako alama moja ndiyo inayotenganisha kufaulu na kurudia mwaka ujao.

Alama ya kozi nayo hujengwa kwa sehemu mbili: kazi za muhula, yaani majaribio, insha, mawasilisho na mazoezi, na mtihani wa mwisho. Katika uzamili mgawanyo wa kawaida ni 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani. Chukua wanafunzi wawili wa darasa moja. Wa kwanza ameingia katika chumba cha mtihani akiwa na 30 kati ya 40. Akijibu nusu tu ya mtihani kwa usahihi, anapata 30 kati ya 60, na jumla yake ni 60 kamili. Wa pili ameingia akiwa na 22. Ili afike 60 anahitaji 38 kati ya 60, ambayo ni zaidi kidogo ya asilimia 63 ya mtihani wenyewe. Wote wawili wataketi saa zile zile wakijibu maswali yale yale, lakini mlima alioupanda wa pili ni mrefu zaidi, na aliuinua mwenyewe siku alizochelewesha insha. Kwa wale wanaofanya kazi mchana na kusoma jioni, nao ni wengi Kampala, nasisitiza hili kuliko yote: kazi za muhula ndizo alama pekee mwanafunzi anazoweza kuzihesabu kabla ya mtihani.

Akishaanguka kozi, mwanafunzi hufanya nini? Hapa wanafunzi waliokulia katika mifumo ya jirani hukosea. Aliyesoma Tanzania amezoea kuzungumzia sapu, yaani mtihani wa nyongeza unaotolewa kabla ya mwaka mpya kuanza, na hofu ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni, ikiwa ataishindwa. Uganda, utaratibu uliozoeleka ni wa kurudia kozi yenyewe itakapofundishwa tena, na kwa programu nyingi za uzamili kozi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Kurudia maana yake ni kujiandikisha upya, kulipa ada ya kozi hiyo, kuhudhuria, kufanya kazi za muhula upya na kisha kufanya mtihani. Si kuingia siku ya mtihani na kutoka. Kozi ikiwa ya hiari, kanuni humruhusu mwanafunzi kuchagua nyingine badala yake. Ikiwa ya lazima, hana njia ya kuizunguka. Transkripti nayo huonyesha kwamba kozi ilirudiwa. Kanuni za Makerere humruhusu pia aliyefaulu kwa alama za chini kurudia kozi ili aziboreshe. Ni nafasi nzuri, lakini simshauri mtu kuitumia kwa ajili ya kozi moja ikiwa tasnifu yake haijaanza kusonga.

Kwa kozi ile moja, kijana wa Bukavu amewekwa chini ya uangalizi. Neno hilo humtisha mtu, na sharti lieleweke vizuri. Kuna milango miwili ya kuingilia katika uangalizi: kuanguka kozi ya lazima, au kuwa na wastani limbikizi ulio chini ya 3.0. Yeye aliingia kwa mlango wa kwanza akiwa na wastani wa 3.80 mkononi. Mwingine anaweza kuingia kwa mlango wa pili, na huyo hali yake ni nzito zaidi, kwa sababu wastani limbikizi hubeba mihula yote iliyopita na hupanda polepole. Uangalizi si adhabu. Ni onyo lenye saa inayohesabu: likirudiwa mfululizo kwa idadi ya mihula iliyotajwa katika kanuni, au kozi ile ile ya lazima ikishindwa tena na tena, au muda wa usajili ukipita bila kuhitimu, mwanafunzi huondolewa masomoni. Idadi hiyo hutofautiana kati ya chuo na chuo, na kati ya shahada ya kwanza na uzamili katika chuo kile kile, kwa hiyo asiichukue mtu kutoka kwa rafiki aliyesoma kwingine. Aifungue kanuni ya chuo chake, ya mwaka aliosajiliwa.

Lazima pia tutofautishe kuanguka na kukosa mtihani. Aliyeugua au aliyefiwa siku ya mtihani, akapeleka maelezo yenye uthibitisho wa daktari au wa mamlaka nyingine kwa wakati uliowekwa, kesi yake ni ya mtu aliyekosa kwa sababu halali, naye hupewa nafasi nyingine bila kuhesabiwa kuwa ameanguka. Asiyepeleka chochote huandikwa kuwa ameanguka, hata kama alikuwa amelazwa. Ni vivyo hivyo kwa anayetaka kusimamisha masomo kwa muda kwa sababu ya kazi, ujauzito au ada: aombe kabla ya kuondoka na apewe barua. Aliyetoweka kimya kimya hurudi na kukuta saa ya usajili wake haikusimama.

Matokeo yanayobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa idara, au yanayoonekana kwanza katika mfumo wa chuo, ni ya muda. Sheria ya Vyuo Vikuu na Taasisi Nyingine za Elimu ya Juu ya mwaka 2001 imeiweka mikononi mwa seneti mamlaka ya mambo ya taaluma katika chuo kikuu cha umma, na matokeo huwa rasmi baada ya kupita katika bodi za mitihani na kuidhinishwa. Katikati ya safari hiyo ndipo alama hupotea. Mimi mwenyewe, nilipokuwa nikisoma uzamili, kozi moja yangu ilibaki tupu kwenye karatasi ya matokeo kwa miezi saba, huku mwalimu akisema amepeleka alama na ofisi ikisema haijazipokea. Kilichoniokoa ni karatasi ya mahudhurio ya mtihani, ile inayozungushwa chumbani dakika chache baada ya kuanza, ambayo nilikuwa nimeweka sahihi na kuandika namba ya kijitabu changu cha majibu. Namba hiyo nilikuwa nimeinakili pia katika daftari langu. Tangu siku hiyo sijaacha kumwambia kila mwanafunzi: andika namba ya kijitabu, na hifadhi kila jaribio lililosahihishwa hadi siku utakayovaa joho.

Nimekaa sana kwenye kozi kwa sababu huko ndiko maswali mengi hutoka, lakini wengi hukwama kwenye tasnifu. Makerere, uzamili una mipango miwili. Mpango A una kozi na tasnifu. Mpango B una kozi nyingi zaidi na ripoti ya mradi iliyo fupi kuliko tasnifu. Aliye katika Mpango A hujikuta, baada ya mwaka mmoja wa ratiba, mitihani na wenzake wa darasa, akiwa peke yake na mada yake na msimamizi wake, bila kengele ya kumwamsha. Wastani wake wa kozi, hata ukiwa 4.9, haumsaidii kitu hapa. Tasnifu hutahiniwa yenyewe, na watahini wa ndani na wa nje, ambao huandika ripoti na kupendekeza jambo mojawapo: ipite kama ilivyo, ipite baada ya marekebisho madogo, irudishwe kwa marekebisho makubwa, iandikwe na kuwasilishwa upya, au ikataliwe. Kisha hufuata utetezi wa mdomo mbele ya jopo. Msimamizi anaweza kuwa alikubali kazi iwasilishwe, na mtahini wa nje akaikuta na upungufu mkubwa katika mbinu za utafiti. Hapo hakuna aliyemsaliti mwanafunzi. Hukumu ya msimamizi ni kwamba kazi iko tayari kupimwa. Hukumu ya mtahini ni kama imefikia kiwango.

Neno "ipite baada ya marekebisho" limewapotosha wengi. Mtu hutoka katika chumba cha utetezi akipongezwa, picha zinapigwa, jamaa Goma au Arusha wanapigiwa simu, na kumbe hajahitimu. Atahitimu pale marekebisho yatakapokaguliwa na kuthibitishwa kwa maandishi, nakala za mwisho zikapokelewa, na jina lake likaingia katika orodha ya mahafali kabla haijafungwa. Marekebisho ya kurasa kumi yakikawia wiki tatu, mahafali yaweza kukupita kwa mwaka mzima. Jambo hili linaniumiza kila ninapoliona, kwa kuwa kazi ngumu ilikwisha kufanyika.

Kwenye uzamivu, alama sitini hazipo tena, isipokuwa kwa programu zenye kozi. Mwanafunzi huanza kwa usajili wa muda, hutetea pendekezo la utafiti, husajiliwa kikamilifu, hutoa ripoti za maendeleo, na mwisho Makerere humtaka atetee tasnifu hadharani, mlango ukiwa wazi kwa yeyote anayetaka kusikiliza.

Kwa wasomaji wa Kiswahili, ambao mara nyingi tumevuka mpaka kuja kusoma au tutavuka kwenda kufanya kazi, kuna suala la alama kutosomeka sawa katika nchi mbili. Chuo Kikuu cha Nairobi hufaulisha uzamili kwenye 50, na A huanzia 70. Kwa hiyo 72 ya Makerere, ambayo ni B, ingesomeka A huko, na 55 iliyofaulu Nairobi ingekuwa kozi ya kurudiwa Kampala. Hii ni tofauti ya rula, na nambari peke yake haitoshi kusema ni wapi mtihani ulikuwa mgumu zaidi. Viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza mwaka 2017 kwamba kanda yetu ni eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, ambalo makao yake yako hapa Kampala, ndilo linaloshughulikia kuoanisha sifa za kitaaluma. Lakini mwajiri aliyeketi Mombasa na transkripti mbele yake hana baraza mezani. Anachokiona ni herufi B. Ukituma transkripti nje ya Uganda, tuma pamoja nayo ukurasa wenye ufunguo wa madaraja, na katika wasifu wako andika alama ya kufaulu kando ya wastani wako.

Limebaki suala la haki. Mwanafunzi asiyeridhika na alama anaweza kuomba kijitabu chake kisahihishwe upya, kwa ada na ndani ya muda uliotajwa katika kanuni za chuo, na aelewe kwamba alama inaweza kupanda, kubaki au kushuka. Anayetuhumiwa udanganyifu yuko katika hali tofauti. Kuingia na simu au karatasi yenye maandishi katika chumba cha mtihani kwa kawaida ni kosa lenyewe, hata kama hukuitazama, na wanaojitetea kwa kusema "sikuitumia" huwa wamekiri bila kujua. Hata hivyo, kabla ya kuhukumiwa ana haki ya kuelezwa tuhuma, kupewa muda na kusikilizwa. Kifungu cha 42 cha Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 kinampa kila mtu anayefika mbele ya afisa au chombo cha utawala haki ya kutendewa kwa uadilifu, na haki ya kwenda mahakamani kupinga uamuzi uliotolewa dhidi yake. Chuo kikuu ni chombo cha namna hiyo. Simshauri mtu kukimbilia mahakamani kabla ya kumaliza ngazi za rufaa ndani ya chuo, lakini namshauri kila barua ya chuo ajibu kwa barua, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Kijana wa Bukavu alisikiliza yote haya akiwa amekunjua karatasi yake juu ya goti. Alichotaka kujua mwishoni ni kama asimamishe pendekezo lake la utafiti hadi arudie kozi ile. Nilimwambia asisimamishe: kuwa chini ya uangalizi hakumzuii kuendelea na kozi za muhula wa pili wala kukutana na msimamizi, na siku ambazo angekaa akingoja hazingerudishwa kwenye saa ya usajili wake. Kozi ya 58 itafundishwa tena muhula wa kwanza wa mwaka ujao, Jumatano jioni, na amekwisha kutenga fedha za ada yake.